Kushirikisha utafiti kwa njia za kidijitali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watafiti wa Kigoma

Ukurasa huu ni kwa ajili ya watafiti wanaofanya kazi mkoani Kigoma: wa uvuvi, wa sokwe na misitu, wa michikichi, wa afya, pamoja na wanafunzi wa shahada za juu wanaokuja kukusanya data kisha wakarudi vyuoni. Maswali ni yale yanayojirudia kila ninapoketi na watafiti kupanga data zao. Msimamo wangu nautaja mapema ili asiwepo wa kuutafuta katikati ya mistari: data zilizokusanywa kwenye ziwa hili na kwenye misitu hii, kwa jasho la watu na kwa fedha za umma, hazistahili kufia ndani ya flashi.

Ripoti nimeshaikabidhi kwa mfadhili na ofisini wana nakala. Kwa nini nihangaike na mtandao?

Kwa sababu ripoti ni maoni yako kuhusu data, na atakayekuja baada yako atazihitaji data zenyewe.

Chukua joto la maji ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 2003 makala mbili za makundi tofauti ya watafiti, moja kwenye jarida la Nature na nyingine kwenye Science, zilionyesha kwamba ziwa limekuwa likipata joto kwa karibu karne nzima. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 hivi. Virutubisho vingi vimelala chini, na hupanda juu pale upepo unapoyachanganya maji. Maji ya juu yakizidi kupata joto huwa mepesi na kukaa juu ya yale ya chini bila kuchanganyika nayo. Hapo virutubisho havipandi, mwani hupungua, na dagaa anakosa chakula. Makala ya Nature ilikadiria kuwa uzalishaji wa mwani umeshuka kwa takriban asilimia 20, jambo linaloweza kupunguza samaki kwa takriban asilimia 30.

Waliyajuaje yote hayo? Walikuwa na vipimo vya joto vya tangu 1913. Kuna mtu alishusha kipimajoto majini zamani hizo, akaandika kina, tarehe na mahali, na maandishi yake yakatunzwa mahali ambapo mtu wa miaka 90 baadaye aliweza kuyapata. Yangebaki kwenye droo ya ofisi, hoja nzima ingekosa mguu wa kusimamia.

Sasa njoo kwenye mwaka 2024. Shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania zilisitishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, ili samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu bila dagaa ni jambo zito kwa mtu wa Kibirizi au Katonga ambaye ada ya shule ya watoto inatoka majini. Mtu huyo ana haki kamili ya kuuliza: samaki walikuwa wangapi kabla, na wakawa wangapi baada? Jibu linatakiwa liwe mahali ambapo afisa uvuvi, mwandishi wa habari, mwanafunzi na mvuvi mwenyewe wanaweza kulifungua na kuliangalia.

Haya si mambo ya vyuo vya Ulaya na Marekani? Huku kuna mfano?

Upo, na uko umbali wa safari ya boti kutoka mjini. Hayati Jane Goodall alianza kuwafuatilia sokwe wa Gombe Julai 1960. Mwaka 1975, wanafunzi wanne walipotekwa na watu wenye silaha waliovuka kutoka ng'ambo ya ziwa, watafiti wengi wa kigeni waliondoka. Kazi haikusimama. Watanzania waliokuwa wasaidizi wa utafiti, wengi wao kutoka vijiji vya jirani, waliendelea kuamka gizani, kumngoja sokwe chini ya kiota chake, kumfuata hadi anapojenga kiota kingine jioni, na kuandika kila alichokula na kila aliyekutana naye. Waliandika kwa Kiswahili.

Daftari hizo zilikusanywa na kuanza kuingizwa kwenye kompyuta chini ya usimamizi wa Anne Pusey, kwanza Chuo Kikuu cha Minnesota na baadaye Duke. Matunda yake ni makubwa. Mfano mmoja: mwaka 2009 makala kwenye Nature ilionyesha kwamba sokwe wa Gombe walioambukizwa virusi vya SIV, ndugu wa karibu wa VVU, walikuwa na hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao wa umri uleule. Kabla ya hapo wengi waliamini virusi hivyo haviwadhuru sokwe. Huwezi kulijua jambo la namna hiyo bila kujua nani alizaliwa lini, mama yake nani, na alitoweka lini. Hayo yote yalikuwa kwenye daftari.

Nina neno moja hapa. Kumbukumbu zilizoandikwa kwa Kiswahili na wazee wetu zinatunzwa na kuchambuliwa zaidi ng'ambo kuliko Kigoma. Silisemi kwa kulaumu, maana waliozitunza wametufanyia kazi kubwa. Nalisema kwa sababu njia za kidijitali za leo zinatuwezesha kuweka nakala hapa na kule kwa wakati mmoja, na mkataba wowote mpya wa utafiti unapaswa kulitaja hilo waziwazi kabla ya sahihi kuwekwa.

Nikiweka data zangu hadharani, si nitaibiwa?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na hofu yenyewe si ya bure. Wapo watafiti wa huku waliokusanya data kwa taabu kisha wakaona majina yao mwishoni kabisa mwa makala, au hawakuyaona kabisa.

Lakini angalia wizi huo hufanyika vipi. Mara nyingi data hutumwa kwa baruapepe au hukabidhiwa kwa flashi, bila tarehe inayothibitika wala masharti yaliyoandikwa. Ukiziweka kwenye ghala la data linalotambulika, zinapata namba ya kudumu, tarehe na jina lako, na dunia nzima inaona kwamba zilikuwa zako kabla ya mtu mwingine yeyote. Anayezitumia bila kukutaja anaumbuka kirahisi, kwa kuwa ushahidi uko wazi.

Tena, kuweka hakumaanishi kufungua siku hiyohiyo. Maghala mengi hukuruhusu kupakia leo na kupanga tarehe ya kufunguliwa, tuseme baada ya mwaka mmoja, ili umalize kuandika makala yako kwanza. Muda wa kusubiri wa namna hiyo ni halali na ni wa busara, hasa kwa mwanafunzi wa uzamivu.

Halafu chagua leseni. Kwa data na makala, CC BY 4.0 inatosha watu wengi: yeyote aruhusiwe kutumia, sharti akutaje. Kazi isiyo na leseni inamwacha msomaji mwaminifu njia panda, hajui kama anaruhusiwa kuitumia, na mwisho anaiacha.

DOI na ORCID ni vitu gani?

DOI ni namba ya kudumu ya kazi: makala, data, hata programu. Tovuti ikibadilisha anwani, namba inabaki ileile na kumpeleka msomaji kazi ilipohamia. ORCID ni namba ya kudumu ya mtu, yenye tarakimu 16. Ilianza kutolewa mwaka 2012, ni bure, na kuiomba hakuchukui muda mrefu.

Kwetu ORCID ina faida ya ziada. Majina yetu yanafanana, na tunayaandika kwa namna nyingi. Mtafiti anayeitwa Juma Hamisi leo ni J. Hamisi, kesho ni Hamisi Juma, kesho kutwa ameongeza jina la babu. Kompyuta inahesabu watu watatu. Mwanamke anayebadili jina baada ya ndoa anaweza kupoteza kazi zake zote za awali machoni pa mtandao. Namba moja inalimaliza tatizo hilo.

Niziweke wapi hasa?

Kama huna mahali maalumu, anza na Zenodo. Inaendeshwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, na ilianza mwaka 2013. Ni bure, inapokea data za fani yoyote, inatoa DOI papo hapo, na kila kazi inaweza kufika gigabaiti 50. Sijakutana na mtafiti wa uvuvi aliyefikia hata robo ya hapo.

Kama data zako ni kumbukumbu za viumbe, yaani spishi fulani ilionekana mahali fulani siku fulani, zipeleke GBIF, mtandao wa kimataifa wa taarifa za bioanuwai. Huko zitachanganywa na za nchi nyingine, na anayechora ramani ya samaki wa ziwa zima ataziona bila kukujua.

Tovuti ya mradi siipendekezi kama mahali pekee pa kuweka. Mradi ukiisha, malipo ya tovuti yanakatika na kila kitu kinatoweka. Linganisha na mradi mkubwa wa utafiti wa Ziwa Tanganyika ulioanza mwaka 1992 chini ya FAO kwa msaada wa Ufini. Ripoti zake za kitaalamu bado zinasomeka mtandaoni miaka mingi baada ya mradi kufungwa, kwa sababu zilitunzwa na taasisi isiyofungwa pamoja na mradi.

Kiungo cha Google Drive nacho ni cha kazi ya kila siku, si cha kudumu. Mwenye akaunti akistaafu au akisahau nenosiri, basi.

Faili langu la Excel liko tayari. Nilipakie tu?

Tulifungue kwanza pamoja. Nitaeleza faili la namna ninayoiona mara nyingi, la mavuno ya dagaa kwa usiku.

Mstari wa juu una kichwa kilichounganishwa kwenye seli nane: MAVUNO YA DAGAA. Chini yake, safu ya tarehe ina 3/4/19. Je, ni tarehe 3 Aprili au 4 Machi? Aliyeandika anajua. Kompyuta yenye mpangilio wa Kimarekani inajua vingine. Safu ya mwalo ina Kibirizi, kibirizi na KBZ, na kwa programu ya uchambuzi hiyo ni mialo mitatu. Safu ya mavuno ina "ndoo 4", "4", "nne na nusu" na "kreti 2". Baadhi ya mistari imepakwa rangi ya njano. Ukiuliza unaambiwa njano ni usiku wa mbalamwezi. Taarifa hiyo ni muhimu sana, maana wavuvi wa taa hutegemea giza, lakini rangi itapotea mara faili likibadilishwa kuwa la aina nyingine.

Kisha kuna seli tupu. Hapa ndipo ninapowasimamisha watu kwa muda mrefu zaidi. Seli tupu ina maana kipe (chombo cha kuvulia dagaa) hakikwenda ziwani, au kilikwenda kikarudi bila kitu, au mwandikaji hakuwepo mwaloni asubuhi ile? Ni mambo matatu tofauti kabisa. Usiku ambao watu walivua wakapata sifuri ni habari nzito kuhusu hali ya samaki. Ukizigeuza seli tupu zote kuwa sifuri, umelitangazia ziwa njaa ambayo haipo. Ukizifuta zote, umeficha njaa iliyopo.

Rekebisha hivi. Mstari mmoja uwe kipe kimoja kwa usiku mmoja. Tarehe iandikwe kwa kuanza na mwaka: 2019-04-03. Mavuno yawe namba tupu kwa kilo, na kipimo kikae kwenye jina la safu. Hali ya mwezi ipewe safu yake. Sababu ya kukosekana kwa namba ipewe safu yake pia. Kama ulipima kwa ndoo, eleza ndoo hiyo ilikuwa ya ukubwa gani na ulipataje uzito wake, kwa kuwa ndoo ya mwalo mmoja si ndoo ya mwalo mwingine. Na neno dagaa peke yake halitoshi: Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon wote huingia ndoo moja. Kama hukuwatenganisha, sema hukuwatenganisha.

Mwisho, hifadhi nakala kama CSV, faili la maandishi matupu ambalo programu yoyote italifungua hata miaka 30 ijayo, na uambatishe faili fupi la maelezo: nani alikusanya, wapi, lini, kwa zana gani, kila safu ina maana gani.

Usidhani shida hizi ni za kwetu peke yetu. Mwaka 2016 watafiti walikagua majedwali ya Excel yaliyoambatishwa kwenye makala za jenetiki, wakakuta takriban moja kati ya makala tano ina majina ya jeni yaliyogeuzwa kuwa tarehe na Excel yenyewe. Hatimaye, mwaka 2020, kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kuyabadili baadhi ya majina kwa sababu hiyo.

Mtandao wa huku ni wa kusuasua na umeme unakatika. Tutaweza?

Mtaweza, kwa sababu kazi nyingi haihitaji mtandao wa muda wote. KoboToolbox na ODK, programu za kukusanyia data kwa fomu, hufanya kazi kwenye simu janja bila bando. Fomu unaiandaa ukiwa mjini, kwa Kiswahili, unaipakua kwenye simu, unakwenda zako Kalya au Buhingu, unajaza siku nzima. Simu inatunza majibu, na ukirudi penye mtandao yanatumwa. Fomu inaweza kukataa kilo zenye herufi, inaweza kumfanya mkusanyaji achague jina la mwalo kwenye orodha badala ya kuliandika kila mmoja kivyake, na inachukua majira ya GPS yenyewe. Zile shida za Excel nilizoeleza juu, nyingi zinakufa hapohapo.

Daftari msiliache lakini. Simu inalowa, inaanguka majini, inaisha chaji usiku wa manane. Penseli haiishi chaji.

Kuhusu ukubwa wa faili: jedwali la mistari 1,000 yenye safu 12 likiwa CSV kwa kawaida halifiki hata kilobaiti 200. Picha moja ya simu ni kubwa kuliko hilo mara nyingi. Anayetuma picha za harusi WhatsApp ana bando la kutosha kuweka data za mwaka mzima.

Hakikisha tu una nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje inayokaa jengo jingine, moja mtandaoni.

Sheria zinaruhusu? Sitaki matatizo na kibali changu.

Soma kibali chako kwanza, mstari kwa mstari. Vibali vya utafiti nchini hutolewa na COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1986. Utafiti wa wanyamapori unapitia pia TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori. Utafiti wa afya unahitaji idhini ya maadili, na ukitaka kupeleka data au sampuli nje ya nchi kuna mkataba maalumu wa kuhamisha unaopitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Ghala la data lililoko Uswisi liko nje ya nchi, hivyo kwa data za afya uliza kwa maandishi kabla ya kupakia.

Data za watu zina sheria yake: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Majina, namba za simu, picha za nyuso, majira ya GPS ya nyumba ya mtu, vyote viondolewe kabla ya kushirikisha. Kuondoa jina peke yake mara nyingi hakutoshi. Katika kijiji kidogo, "mwanamke, miaka 61, mkunga wa jadi, ana watoto tisa" ni jina kamili. Uangalifu uongezeke maradufu kwa data za wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu, ambao kutambulika kwao kunaweza kuwaletea hatari wao au ndugu zao waliobaki nyumbani.

Viumbe nao wana siri zao. Majira halisi ya viota vya sokwe katika misitu ya Masito na Ugalla hayafai kuwekwa hadharani, jangili asije akayatumia. Punguza usahihi, toa mraba wa kilomita kadhaa, kisha eleza kwamba umefanya hivyo na kwa nini. Mtafiti wa kweli anayehitaji majira kamili atakuandikia.

Kwa kifupi: data ziwe wazi kadiri inavyowezekana, zifungwe panapolazimu. Unaweza pia kuweka maelezo ya data hadharani, ijulikane kwamba zipo na nani anazo, huku data zenyewe zikiwa zimefungwa.

Kuchapisha kwenye jarida la wazi ni ghali mno. Nitazitoa wapi dola 2,000?

Huenda usihitaji kutoa hata moja. Wachapishaji wengi husamehe ada kwa waandishi wa nchi zilizo kundi A la Research4Life, mpango unaozipa nchi za kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu, na Tanzania imo. Omba msamaha huo wakati wa kuwasilisha makala, si baada ya kukubaliwa. Kama mwandishi mwenzako mkuu yuko nchi tajiri, uliza kwanza, maana baadhi ya wachapishaji huangalia nchi ya mwandishi mkuu au ya kila mwandishi. Kupitia Research4Life hiyohiyo taasisi yako inaweza kusoma majarida ya kulipia bure. Inashangaza ni wangapi hawajawahi kumuuliza mkutubi wao nenosiri.

Njia ya pili ni kuchapisha kwenye jarida lolote bila kulipa, kisha kuweka mtandaoni nakala yako iliyokubaliwa kabla ya kupangwa na mchapishaji. Tovuti ya Open Policy Finder (zamani Sherpa Romeo) inaonyesha kila jarida linaruhusu nini na baada ya muda gani.

Na yapo majarida yetu. African Journals Online imekuwa ikiyaweka majarida ya Afrika mtandaoni tangu 1998, na humo utalikuta Tanzania Journal of Science la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Jihadhari na majarida ya kitapeli. Yanakuandikia baruapepe ya kukusifu, yanaahidi kuchapisha ndani ya wiki moja, na yanadai ada baada ya "kukubali" makala ambayo hakuna aliyeisoma. Angalia kama jarida limo kwenye DOAJ, orodha ya kimataifa ya majarida ya wazi, muulize mwenzako kama amewahi kulisoma, kisha ndipo uamue.

Vipi kuhusu kuweka makala mtandaoni kabla haijapitiwa na wataalamu?

Wanafizikia wamefanya hivyo kupitia tovuti ya arXiv tangu 1991, na wanabiolojia wana bioRxiv tangu 2013. Majarida mengi sasa hayana kinyongo na chapisho la awali, ila thibitisha la kwako. Faida kwetu ni kasi: matokeo ya msimu huu yanasomwa msimu huu. Kwa matokeo yanayogusa tiba au chakula cha watu ningekuwa mwangalifu zaidi, na ningeandika juu kabisa, kwa Kiswahili pia, kwamba makala haijapitiwa.

Wakubwa wangu wa kazi hawataki. Wanasema data ni mali ya ofisi.

Wana hoja. Data nyingi kweli ni mali ya taasisi, na huna mamlaka ya kuzitoa peke yako. Usiwazunguke.

Kinachosaidia ni kwenda na pendekezo dogo. Mwendee msimamizi kwa heshima, umwambie: "Mzee, naomba tuanze na data za mradi uliokwisha mwaka ule, ambazo makala yake ilishatoka. Jina la taasisi litakuwa juu, lako litafuata." Aone kazi ikipata namba yake, aone imepakuliwa mara ngapi na kutajwa wapi. Watu wazima waliolinda data kwa miaka mingi mara nyingi walizilinda kwa upendo, kwa kuogopa zisiharibiwe. Ukiwaonyesha kwamba ghala linazilinda vizuri kuliko kabati, wengine huwa wa kwanza kuleta zao.

Mwaka 2021 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha pendekezo la pamoja kuhusu sayansi huria. Linafaa kutajwa kwenye dokezo lako kwa mkurugenzi.

Nitawashirikishaje wavuvi na wakulima wenyewe?

DOI haimsaidii mkulima wa michikichi wa Uvinza. Andika muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mmoja kwa kila makala, uuweke pamoja na data kwenye ghala, kisha uusambaze kwa njia watu wanazotumia: kundi la WhatsApp la BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia rasilimali za uvuvi mwaloni), ubao wa ofisi ya kijiji, redio ya mkoani. Kazi za TARI Kihinga, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kuhusu mbegu bora za michikichi, kwa mfano, ni za watu wanaotaka kujua mche upi wapande na waupande lini. Jedwali wanaweza kulisoma vizuri kama limeandikwa kwa maneno yao na vipimo vyao.

Ningependa pia kuona majina ya samaki ya Kiswahili na ya wenyeji yakiingia kwenye data. Weka safu ya mgebuka, kuhe, sangala kando ya jina la kisayansi. Mvuvi atakayefungua jedwali hilo ataweza kukwambia palipo na kosa.

Programu za akili mnemba zinaweza kunisaidia?

Kusafisha lugha ya makala, ndiyo. Kuandika msimbo wa uchambuzi, ndiyo, ukiukagua. Kukutajia marejeo, usiamini mpaka uyafungue mwenyewe, kwani huweza kutunga makala ambazo hazipo. Data za wagonjwa au za watu wanaotambulika usizibandike humo kabisa.

Mtafiti wetu wa zamani amestaafu na ana maboksi ya daftari nyumbani. Tuanzie wapi?

Anzeni leo kama anakubali, na anzeni naye mwenyewe akiwepo. Mwandiko wake, vifupisho vyake, sababu ya kubadili kituo cha kupimia mwaka fulani, hayo yote yako kichwani mwake.

Kwanza orodhesheni daftari: mwaka, mahali, kinachopimwa. Orodha hiyo peke yake ina thamani, wekeni mtandaoni hata kabla ya kitu kingine. Kisha pigeni picha kila ukurasa kwa simu, mchana, karibu na dirisha, bila flashi ya kamera, kamera ikiwa sambamba na karatasi. Pigeni na kurasa tupu, ili baadaye asiwepo wa kudhani kuna ukurasa uliorukwa. Mafaili yapewe majina yenye mwaka, namba ya daftari na namba ya ukurasa, kwa mfano 1994_d03_u017. Majina kama "ripoti_mpya_ya_mwisho_2" yaachwe.

Wakati wa kuziingiza namba kwenye jedwali, watu wawili waingize kila mmoja kivyake, kisha mlinganishe. Panapotofautiana, rudini kwenye picha. Namba inayoonekana ya ajabu msiirekebishe kwa kubahatisha. Iacheni kama ilivyoandikwa na muweke maelezo pembeni, kwa sababu nyuzi joto zilizoonekana za ajabu mwaka ule huenda ndizo atakazozitafuta mtu wa 2060.

Muulize mzee jina lake angependa liandikwe vipi, na liwe la kwanza kwenye orodha ya waandishi wa data hizo. Daftari zenyewe zikishapigwa picha zirudi mahali pakavu, juu ya rafu, mbali na mchwa.